KUSHUHUDIA BILA KUCHOKA



Sisi waamini wa Bukavu tunaulizana mara nyingi: tushuhudie imani yetu mpaka lini, ikiwa wanaotusikia hawageuki? Jirani wa Kadutu amekwisha kuyasikia maneno yetu yote. Mwenzetu wa kazi huko Ibanda anatucheka. Je, kuendelea si kumsumbua mtu? Na kunyamaza je, si kumkana Bwana?

Tutazame kwanza njia ya Papa Simon Kimbangu. Alianza kazi yake ya wazi huko Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule alikuwa tayari mikononi mwa serikali ya Wabelgiji. Tarehe 3 Oktoba alihukumiwa huko Thysville, leo Mbanza-Ngungu, kupigwa fimbo 120 na kuuawa. Mfalme Albert akageuza hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha, naye akakaa gerezani Élisabethville, leo Lubumbashi, mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Tuhesabu basi: miezi mitano ya kuhubiri, miaka 30 ya kufungwa. Kama kushuhudia ni kusema tu, ushuhuda wake uliisha mwaka 1921. Lakini ni katika miaka ile ya kufungwa ndipo imani ilipoenea.

Ilienea namna gani? Mama Marie Muilu alibaki Nkamba, akichunguzwa na serikali, akaendelea kuwatunza waamini kwa siri. Wengine walipelekwa uhamishoni mbali na kwao, hata Lowa, kando ya mto Lualaba. Serikali ilitaka kuzima moto, kumbe ilitawanya makaa. Mtu aliyehamishwa kati ya watu wa lugha nyingine atahubiri kwa nini? Kwa namna anavyolima, anavyolipa deni, anavyokwenda kumzika jirani. Na Mama Muilu alifariki tarehe 27 Aprili 1959. Serikali ilikubali kanisa tarehe 24 Desemba mwaka ule ule. Alidumu miaka 38, na siku ile hakuiona.

Hapo tunapata jibu la swali letu. Anayeshuhudia ili aone matunda atachoka upesi. Anayeshuhudia kwa sababu ni wa Bwana, ataamka kesho akiwa yeye yule. Ndiyo sababu tumefundishwa maneno matatu: bolingo, mibeko, misala, yaani upendo, amri na kazi. Mama anayeuza unga sokoni ajaze kopo sawasawa, kwa mgeni kama kwa rafiki. Anayecheza likelemba asipokee zamu yake leo na kutoweka kesho. Jirani anayakataa maneno yetu, lakini kopo lile analiona kila siku.

Lakini tuangalie pia upande wa pili. Wengine husema, «Matendo yangu yanatosha,» kumbe wanaona haya kulitaja jina la Yesu. Matendo mema yasiyo na jina huwapa watu nafasi ya kutusifu sisi. Jirani akiuliza kwa nini hatukumlipa ubaya kwa ubaya, tumjibu wazi, kwa upole, kisha tumwache na Mungu. Kurudia jibu kila siku mlangoni pake ni kumchosha.

Mji wetu umeona vita mwaka 1996, mwaka 2004, na tena Februari 2025. Katika saa kama zile jirani hakuulizi unasali wapi. Anauliza kama utamfungulia mlango. Aliyefunguliwa siku ile, hata akibaki katika kanisa lake, amekwisha kusikia Injili.

Mtume Paulo aliwaonya Wagalatia, sura ya 6, wasichoke kutenda mema, kwa kuwa mavuno yana majira yake. Wapendwa, majira si yetu. Jembe ndilo letu. Tulishike kesho asubuhi, mahali pale pale tulipoliacha leo.

Amani ya Bwana ikae nyumbani mwenu. Amina.