Jina Kwenye Boksi

Mwaka 1979, watunzi wanne wa michezo ya video waliacha kazi Atari, kampuni ya California ambayo wakati ule ilikuwa ikiongoza katika fani hiyo. Walikuwa David Crane, Alan Miller, Bob Whitehead na Larry Kaplan. Walikuwa wameona karatasi ya mauzo iliyoonyesha kila mchezo umeuzwa kiasi gani, wakapiga hesabu: michezo yao wanne ilikuwa imeiingizia kampuni kiasi cha dola milioni 60 kwa mwaka mmoja, ilhali wao wakipokea mshahara wa kawaida wa mwajiriwa. Wakamwendea mkurugenzi mkuu, Ray Kassar, aliyetokea kwenye viwanda vya nguo, na maombi mawili: wapate mrabaha, na majina yao yaandikwe. Crane amesimulia jibu walilopewa. Waliambiwa kwamba wao si muhimu kuliko mfanyakazi anayeunganisha katriji kiwandani, kwani bila huyo nayo michezo isingeuzika.

Ombi la kwanza halinipi taabu. Anayetoa jasho ana haki ya ujira, na mwanahistoria Ibn Khaldun, katika kitabu chake Muqaddimah alichokimaliza mwaka 1377, aliiweka kazi ya kushurutishwa isiyolipwa miongoni mwa dhuluma kubwa zinazobomoa ustaarabu. Ombi la pili ndilo linalonikaa moyoni. Mimi naandika programu kwa riziki yangu, na nimelelewa madrasa, Tanga, ambako tuliogopeshwa ria kuliko tulivyoogopeshwa uvivu. Maalim alitufundisha kwamba anayejenga msikiti ili watu waseme fulani kajenga, ameshakula malipo yake hapahapa duniani. Je, watu wale wanne walikuwa wakikililia kitu ambacho mcha Mungu hukikimbia?

Kabla sijajibu, nataka kumtendea haki Kassar. Kwamba yule aliye kiwandani ni binadamu sawa na mtunzi, hilo ni kweli, na anayelikana atalijibu mbele ya Mola wake. Lakini sikuona popote kwamba usawa huo ulimwongezea mtu wa kiwandani hata senti. Ulitumika kumshusha mmoja bila kumpandisha mwingine. Tena haukuwa maelezo sahihi ya kazi yenyewe. Mashine ya Atari ilikuwa na kumbukumbu ya baiti 128, ambamo aya hii uisomayo isingeenea hata nusu yake. Ndani ya ufinyu huo, mtu mmoja alibuni mchezo, akaandika programu yote, akachora, akatia sauti, miezi kwa miezi, peke yake. Mchezo ule ulikuwa na mwandishi kama kitabu kilivyo na mwandishi. Kampuni ilificha majina kwa kuhofia washindani wasije wakawanyakua watu wake. Kuuza kazi ya mtu huku ukimficha aliyeifanya ni kusema uongo kwa kunyamaza.

Maalim yuleyule aliyetutisha na ria hakupata kutufundisha Hadithi hata moja bila kumtaja aliyeipokea kutoka kwake, na huyo aliipokea kwa nani, na nani kwa nani. Sisi watoto tulichoka na ule msururu wa majina. Nilipokua ndipo nilipofahamu kwamba majina yale hayakuwa ya kuwapamba wenyewe. Yalikuwapo ili msemaji aulizwe, achunguzwe, aaminiwe au akataliwe. Hata mpokezi dhaifu hutajwa, kisha udhaifu wake ukaelezwa. Na wanazuoni wa Hadithi walihesabu kuwa ni aibu mtu kumficha aliyeko katikati ya msururu ili habari ionekane imenyooka. Basi jina lina pande mbili, na upande mmoja ni amana. Mtu anaposema "niandikeni" huenda anataka sifa. Huenda pia anasema: kosa likionekana, nitafuteni mimi.

Kuna aliyenithibitishia hili zaidi ya wale wanne. Warren Robinett, wa Atari hiyohiyo, alitengeneza mchezo wa Adventure na kuficha ndani yake chumba cha siri. Mchezaji alipaswa kuokota nukta moja ya kijivu, iliyofanana rangi na mandhari ya nyuma yake, ili afike humo na kukuta maandishi yanayomtaja Robinett kuwa ndiye aliyeutengeneza. Hakuwaambia wakubwa wake. Alikuwa ameshaondoka kampuni wakati mvulana mmoja wa Utah alipokigundua chumba kile na kuandika barua. Ria inahitaji watazamaji. Huyu alilizika jina lake mahali ambapo huenda lisingeonwa na yeyote, kwa kuwa tu lilikuwa kweli.

Wanne wale, pamoja na Jim Levy aliyetoka kwenye biashara ya muziki, wakaanzisha Activision. Atari iliwashitaki, na shauri likaisha kwa makubaliano mwaka 1982. Majina ya watunzi yakaandikwa kwenye boksi, na kwenye kijitabu cha maelezo ukakuta picha ya mtunzi akizungumza na mchezaji. Pitfall! ya Crane, iliyotoka mwaka huohuo, iliuzwa zaidi ya nakala milioni 4.

Hapa ningependa kuishia, lakini haki haitaki. Kaplan aliondoka Activision mwaka 1982. Miller na Whitehead waliondoka 1984, wakaanzisha Accolade. Crane akafuata mwaka 1986. Nyumba ikabaki bila hata mmoja wa wanne wale. Machi 2010, nyumba hiyo ikiwa sasa jitu la dunia, iliwafukuza Jason West na Vince Zampella, wakuu wa studio ya Infinity Ward, wiki chache baada ya mchezo wao, Modern Warfare 2, kuvuka mapato ya dola bilioni 1. Kampuni iliwatuhumu kuvunja mkataba na uaminifu. Wao walidai mahakamani bonasi na mrabaha wao, kisha wakaanzisha Respawn, na wenzao wengi wakawafuata. Shauri lilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2012. Nyumba iliyojengwa na watu walionyimwa mrabaha imeshitakiwa kwa kunyima mrabaha. Ibn Khaldun aliliona hili katika koo za watawala: aliyejenga anaijua gharama, mwanawe ameisikia kwake, mjukuu anaiga tu, na kitukuu anadhani ukuu ule ni haki yake ya kuzaliwa.

Na la jina je? Glen Schofield, mmoja wa waasisi wa mchezo wa Dead Space, aliondoka Activision mwaka 2018, kisha akaanzisha studio ya Striking Distance. Mchezo wao, The Callisto Protocol, ulitoka Desemba 2022. Mwezi uliofuata ikaripotiwa kwamba watu wapatao 20 walioufanyia kazi hawakutajwa kwenye orodha ya majina. Walikuwa wameondoka kabla haujakamilika. Zaidi ya mwaka mmoja nyuma, studio ya Kihispania MercurySteam, iliyotengeneza mchezo wa Metroid Dread, ililaumiwa kwa jambo hilohilo, ikajitetea kwa hoja hii: hutajwa yule aliyefanya kazi angalau robo ya muda wote wa utengenezaji.

Robo! Katika msururu wa Maalim, aliyepokea sentensi moja tu kisha akahamia mji mwingine hutajwa, maana bila yeye sentensi ile isingetufikia. Kuondoka kwake hakufuti alichokibeba. Kwa hiyo kila ninaposikia kwamba wakongwe wameacha studio kubwa na kufungua yao, na watu wakiulizana ni nani aliyewapa mtaji, mimi hutamani kuwauliza wakongwe hao jambo jingine: yule kijana atakayewaacha ninyi katikati ya kazi, akiwa na hasira kama mliyotoka nayo kule, jina lake mtaliandika?