Kodi: Juu ya Mali au Juu ya Jasho?

 

Tumeletewa suala na kijana mmoja wa kwetu pwani, aliyehamia Nairobi kwa ajili ya kazi, naye hukaa mtaa wa Mowlem, upande wa mashariki ya mji, jirani na Umoja na Dandora. Atwambia ya kuwa mshahara wake hukatwa kodi ya mapato kabla haujamfikia mkononi. Na juu yake hukatwa asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu na asilimia 2.75 ya bima ya afya. Kisha kilichobaki akienda nacho dukani, vitu vingi anunuavyo vina asilimia 16 nyingine ndani ya bei. Pembeni mwa jumba alilopanga pana kiwanja kilichozungushiwa mabati. Tangu ahamie hapo, yapata miaka tisa, hakijajengwa hata banda, wala mwenyewe hana haja nacho illa kungojea bei ipande. Na mwenye jumba ni ndugu yetu Mwislamu, mkaazi wa Mombasa, husali safu ya mbele katika msikiti tuujuao. Kijana auliza: je, si haki zaidi serikali itoze mali ambazo watu wamezikalia kuliko kutoza jasho lao? Na je, Zaka si dalili ya jambo hilo, kwani yatolewa juu ya mali wala haitolewi juu ya mshahara?

Suala hili tulilisoma katika darsa yetu nyusiku tatu, na usiku wa kwanza ulitupita kwa furaha. Kwani ni jambo tulipendalo kulisema mbele ya watu wa dini nyingine, ya kwamba Uislamu uliwatangulia wataalamu wa Ulaya kwa karne nyingi katika kutoza mali. Mtu akimiliki fedha ifikayo nisabu, nayo kwa hesabu ya wanazuoni wengi wa zama hizi ni thamani ya gramu 85 za dhahabu, ikakaa kwake mwaka mzima wa mwezi, hutoa robo ya ushuri, yaani 2.5 katika kila 100. Ama alichokipata akakila, akakivaa, akakilipia ijara ya nyumba na karo ya watoto, hicho hakina Zaka. Hekima yake haifichiki. Sharia haimsimamii mtu mlangoni pa kazi yake ikamkata kabla hajala. Hungoja ashibe yeye na watoto wake, na mwaka upite, kisha ndipo hutazama kilichobaki. Mpangaji wa Mowlem ambaye mwisho wa mwezi hana akiba, Zaka haimgusi, bali huenda akawa ni katika wenye haki ya kuipokea. Kodi ya mshahara ilimgusa kabla hajaiona pesa yenyewe.

Usiku wa pili mwenzetu mmoja, aliyesoma kuliko sisi, alitutuliza. Alituuliza: na Zaka ya mazao je? Hiyo haingoji mwaka. Hutolewa siku ya mavuno. Na hutolewa juu ya mavuno. Ardhi ya shamba haina Zaka, hata ikiwa na thamani kubwa namna gani. Basi hiyo ni haki iliyo juu ya pato. Kwa hivyo mwenye kusema ya kuwa Zaka ni ya mali tu amesoma nusu ya mlango akafunga kitabu, nasi twakiri ya kuwa tulikuwa miongoni mwao.

Kisha akatuwekea viwango mbele yetu. Mwenye kuokota hazina iliyozikwa na watu wa kale hutoa khumsi, yaani 20 katika 100. Mwenye shamba linyweshwalo na mvua hutoa 10. Mwenye shamba analolinywesha kwa kuteka maji, kwa nguvu zake au gharama yake, hutoa 5. Mfanya biashara, ambaye mwaka mzima hununua, husafirisha, hulinda na huogopa khasara, hutoa 2.5. Ibn al-Qayyim katika Zad al-Ma'ad amebainisha mpango huu: kila taabu ya mtu ilivyozidi katika kuipata mali, ndivyo fungu litolewalo lilivyopungua. Twaona hapa ndipo penye jawabu la kijana wetu. Sharia haikuuliza tu, hii ni mali au ni pato? Iliuliza pia, hii umeihangaikia kwa kiasi gani?

Tukipime basi kiwanja cha mabati kwa mizani hiyo. Barabara ya Outer Ring ilipanuliwa katika miaka ya 2010 kwa fedha za serikali na mkopo ambao wananchi wote wataulipa. Nguzo za umeme zikasimamishwa, watu wakahamia, maduka yakafunguliwa. Bei ya ardhi ya upande ule ikapanda, na mwenye kiwanja hakuinua jembe. Hiyo kwake ni mvua iliyomnyeshea akiwa amelala, na mawingu yake ni kodi za wenziwe. Kwa mizani ya Zaka, faida ya namna hii ndiyo ambayo ingestahiki kiwango kikubwa, na mshahara wa mtu aamkaye saa kumi alfajiri kuwahi matatu ndio ambao ungestahiki kiwango kidogo.

Sasa tutazame mambo yalivyo. Kwa viwango vya mwaka 2024, mshahara wa mtu ukipita shilingi 32,333 kwa mwezi, kila shilingi inayozidi hapo hutozwa senti 30, na mishahara mikubwa sana hufikia senti 35. Ama ijara ya nyumba za kukaa, ikiwa kwa mwaka ni baina ya shilingi 288,000 na milioni 15, hutozwa asilimia 7.5. Mwenye vyumba 20 vya shilingi 10,000 hupokea shilingi 200,000 kwa mwezi na hulipa 15,000, ikiwa hulipa. Mwajiriwa wa mshahara huo huo hulipa karibu 50,000, wala hana hiari. Ni insafu tuongeze ya kuwa mwenye nyumba hutozwa juu ya ijara yote, bila ya kuondolewa gharama za matengenezo wala mkopo. Hata hivyo tofauti ni kubwa. Na mwenye kiwanja kitupu halipi kodi ya mapato, kwa kuwa hana pato. Hulipa kodi ya ardhi ya kaunti tu, nayo katika Nairobi kwa miaka mingi ilihesabiwa kwa daftari la thamani la mapema miaka ya 1980, wakati ambapo sehemu kubwa za mashariki ya mji zilikuwa majani.

Si ajabu mambo kuwa hivyo. Wenye mali, katika kila zama, ndio walio karibu na watungao sheria. Waingereza walipoitawala nchi hii, kuanzia mwaka 1901 walitoza kodi ya vibanda: mwenye kibanda cha nyasi alilipa, na shabaha mojawapo ilikuwa kumlazimisha aende akatumike. Ilikuwa ni kodi ya mali kwa jina, lakini ilimwandama maskini. Ama walowezi, walipotakiwa kutoa kodi ya mapato mwaka 1921 walipiga kelele ikaondolewa mwaka uliofuata, isirudi mpaka 1937. Baada ya uhuru tulidhani mambo yatageuka. Lakini kodi ya mirathi ilifutwa mwaka 1982, na kodi ya faida ya kuuza ardhi na majumba ikasimamishwa mwaka 1985, ikalala miaka 30 mpaka 2015. Katika miaka hiyo 30 viwanja vingapi vya Nairobi na Mombasa viliuzwa na kuuzwa tena, na mwalimu wa shule akikatwa kila mwezi!

Na mwaka 2024 tulishuhudia kioja. Mswada wa Fedha ulitaka kila mwenye gari alipe kila mwaka asilimia 2.5 ya thamani yake. Baadhi yetu walitabasamu, wakisema serikali imeiga kiwango cha Zaka. Lakini uliwekwa mpaka: kodi isipungue shilingi 5,000 wala isizidi 100,000. Maana yake, gari la milioni 4 na gari la milioni 20 yalipe sawa! Mwenye kigari cha kubebea mboga alipe kwa ukamilifu, na mwenye fahari asamehewe sehemu kubwa. Kifungu hicho kiliondolewa mwezi wa Juni kabla ya vijana kuingia Bungeni tarehe 25, na mswada wote ukakataliwa siku ya pili yake, baada ya damu kumwagika. Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa.

Walakini hatusemi mali yote itozwe. Hapa tulihitilafiana sana, na mwenye kutuzuia alikuwa mzee mmoja katika darsa aliyetaja mjane wa Mji wa Kale. Anakaa katika nyumba ya mawe aliyoirithi, huuza mahamri asubuhi, na nyumba yake kwa bei ya leo ni mamilioni. Akitozwa asilimia ya thamani kila mwaka atalipa kwa nini? Atauza, na mnunuzi hatakuwa mtu wa Mji wa Kale. Twamkubalia mzee, na sharia yamkubalia: nyumba aikaayo mtu, nguo zake, kipando chake na vyombo vya kazi yake havina Zaka. Vile vile kuna watu wetu wa Majengo na Kisauni wenye nyumba zilizosimama juu ya ardhi ya mwengine. Kodi ya ardhi ikiwekwa bila ya tahadhari, mwenye ardhi, ambaye pengine hajaiona miaka 20, ataisukuma juu ya mwenye nyumba kwa kuongeza malipo ya mwezi. Mtunga sheria asiyeijua Mombasa hatayaona haya.

Kuna wasemao ya kuwa mali ikitozwa itakimbia. Fedha za benki huenda zikakimbia. Ufaransa ilipoifuta kodi yake ya mali mwaka 2018, ilibakisha ile iliyo juu ya ardhi na majumba, kwani hayo hayapandi ndege. Kiwanja cha Mowlem kitabaki Mowlem. Na kama kodi itamchosha mwenyewe mpaka akijenge au akiuze kwa atakayekijenga, ndiyo maslaha yenyewe. Imepokewa kwa Sayyidna Umar, radhi za Mungu ziwe juu yake, ya kuwa aliwausia wasimamizi wa mayatima wazifanyie biashara mali za mayatima ili Zaka isizimalize. Mali iliyolala hupungua. Mali ifanyayo kazi hustahimili.

Swala jengine lilikuwa: serikali ina haki gani ya kutoza zaidi ya Zaka? Wanazuoni kama Ghazali na Shatibi waliruhusu kwa masharti, haja ikiwa ya kweli na hazina ikiwa tupu. Na sisi tulio Mashafi'i tunaye Imamu Nawawi. Imesimuliwa ya kuwa Sultani Baybars, katika karne ya 7 ya Hijra, alitaka fatwa ya kuchukua mali za raia kwa ajili ya vita vya Matatari, na wanazuoni wa Sham wakamwandikia. Nawawi akakataa, akamwambia atoe kwanza dhahabu walizovaa watumwa wake na mapambo ya vijakazi wake. Hayo yakisha na haja ikabaki, ndipo atakapompa fatwa. Ilimlazimu kuuhama mji wa Dameshki. Twadhani mengi ya hasira za mwaka 2024 ni hoja hiyo hiyo, ijapokuwa wengi waliopiga makelele hawajapata kulisikia jina la Nawawi.

Yasiyotupendeza tumeyaweka mwisho. Tukiitoa Zaka kuwa shahidi, itatushuhudia na sisi. Mwenye kununua kiwanja kwa nia ya kukiuza bei ikipanda, kiwanja hicho ni bidhaa ya biashara, na kwa madhehebu yetu hutolewa Zaka kila mwaka kwa bei yake ya siku hiyo, ijapokuwa hakijauzwa. Ni wangapi miongoni mwetu wenye viwanja vya namna hii Mtwapa, Kikambala na huko Nairobi, nao kila Ramadhani huhesabu fedha za benki tu? Mwaka hupita mwaka, na deni la maskini hukua katika kiwanja pamoja na bei.

Ama majumba ya kupangisha, jengo lenyewe halina Zaka kwa kauli ya wengi, na hivyo ndivyo lilivyoamua Baraza la Fiqhi la Jeddah mwaka 1985: Zaka ni juu ya ijara ikishatimiza masharti. Lakini wako wanaojua njia hii wakaifanya kichochoro: kila ijara ikikaribia kutimiza mwaka huigeuza matofali na saruji, ghorofa juu ya ghorofa, na maishani mwao hawatoi kitu. Kwa ajili hiyo Abu Zahra na wenzake huko Dameshki mwaka 1952, na baada yao Sheikh Yusuf al-Qaradawi, waliona nyumba za kupangisha zifuate hukumu ya shamba, zitolewe sehemu ya mapato yake kila yapatikanapo. Darsa yetu haikuafikiana juu ya kauli hii, na hatumlazimishi mtu. Tumlazimishalo ni lile la viwanja.

Yule ndugu mwenye jumba la Mowlem tulimsomea makala haya kabla ya kuyachapisha, kwa kuwa si adabu kumtaja mtu asijue. Alitusikiliza mpaka mwisho. Akasema jumba lina mkopo. Tukamwambia jumba halikuulizwa. Akauliza, na kiwanja kile cha mabati kilicho pembeni, ambacho pia ni chake, na ambacho sisi tulikuwa hatujui ya kuwa ni chake? Tukamuuliza alikinunua kwa nia gani. Alinyamaza kitambo, kisha akasema karatasi za ununuzi ziko nyumbani, atazitafuta aone ilikuwa mwaka gani.