Uso wa Milimita Saba

Mtu wa sentimita 175 akipunguzwa mara 35 anabaki na sentimita 5. Kichwa chake hakizidi sana milimita saba, na jicho halifiki hata milimita moja. Hicho ndicho kimo cha askari wa plastiki ninaowaunganisha na kuwapaka rangi jioni, na kadiri ninavyokaa nao ndivyo kazi hii inavyozidi kunisogeza karibu na sala.

Kipimo cha 1:35 hakikuanzia kwenye mwili wa binadamu. Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilipotengeneza kifaru cha Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilitaka kitembee chenyewe, hivyo ukubwa wake ukaamuliwa na nafasi ya kutosha betri na mota. Askari walikuja baadaye, wakapimwa kwa kifaru. Jambo hili hunisumbua kila nikilikumbuka, maana vita vya kweli navyo huhesabu mitambo kwanza, kisha ndipo hutafuta watu wa kuijaza.

Askari huja akiwa vipande, vimeshikana kwenye fremu: miguu, kiwiliwili, mkono mmoja, mkono wa pili, kichwa, kofia ya chuma, chupa ya maji. Unakata kimoja kimoja. Kila kipande kina mstari mwembamba pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, na mstari huo hukwanguliwa kwa ncha ya wembe, polepole, mpaka bega liwe bega. Gundi yake nayo ni ya namna ya pekee. Huyeyusha kidogo uso wa plastiki pande zote mbili, na ikikauka, mkono na bega vimekuwa kitu kimoja. Kazi yako hapo ni kushika na kungoja. Sijui shughuli nyingine ya mezani inayomdai mtu kutulia namna hiyo bila kumpa neno la kusema wala kioo cha simu cha kutazama.

Kisha unafika usoni. Rangi ya ngozi hutangulia, halafu kivuli chini ya paji, pembeni mwa pua, chini ya mdomo. Halafu mwanga kidogo kwenye shavu na kidevu. Tabaka moja likauke ndipo lije jingine, na kila tabaka liwe jepesi kiasi kwamba peke yake halionekani. Mwisho kabisa ni macho. Hapo mkono huegemezwa mezani, brashi hubaki na nywele chache tu zenye rangi, na ili ncha isitikisike, unazuia pumzi.

Ni katika kuzuia pumzi huko ninapokumbuka simulizi ya Mwanzo. Mungu alimfinyanga mtu kwa mavumbi ya ardhi, kisha akampulizia pumzi ya uhai. Yeye katika hatua ya mwisho alitoa pumzi. Mimi nafika hatua ya mwisho naibana. Tofauti yote kati ya Muumba na fundi imo humo. Waislamu wanayo mafundisho makali juu ya jambo hili: kwamba mwenye kutengeneza taswira ya kiumbe ataambiwa Siku ya Kiyama aitie roho, naye hataweza. Mimi ni Mkristo, lakini nayaheshimu mafundisho hayo, na nadhani yananifaa mezani pangu. Yananizuia kuipenda mno kazi ya vidole vyangu. Naweza kumpa askari huyu mkunjo wa kope, hata uchovu. Siwezi kumpa kitu ambacho kuku wa jirani anacho.

Kwa hiyo aliye na pumzi ni wa thamani kuliko nilivyozoea kufikiri. Ikiwa uso wa milimita saba unadai saa nzima ya utulivu na bado haupumui, tuseme nini juu ya kijana wa miaka 19 aliyepewa bunduki? Kalibu hutoa maelfu ya askari wenye uso uleule. Mungu hana kalibu. Sare ndiyo inayotaka tuamini kwamba anayo.

Wengi wa askari hawa wadogo hutoka Kyiv, Ukraine, kwenye viwanda vya ICM na MiniArt. Tangu Februari 2022 jiji hilo limekuwa likipigwa kwa makombora, na viwanda hivyo vimeendelea kutoa masanduku. Nikilifungua moja huwaombea kwanza walioligusa kabla yangu, kisha ndipo nachukua kisu. Kuunganisha askari wa kuchezea aliyetoka mahali ambapo askari wa kweli wanazikwa si jambo la kufanya huku redio ikilia.

Na sisi wa Afrika Mashariki tunao watu wetu wa sanamu. Yule askari wa shaba wa Dar es Salaam amesimama tangu 1927. Katika mnara wa kumbukumbu ya vita wa Nairobi wako watatu, na mmoja wao hana bunduki: ni mpagazi. Wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia walibeba risasi na chakula mpaka makumi ya maelfu yao wakafa, wengi kwa maradhi na njaa, na Kariakoo imebaki na jina la kikosi chao. Lakini majina yao wenyewe? Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na wengine huenda hawakukumbukwa kabisa. Walitendewa kama waliotoka kwenye kalibu.

Kama kwenu yuko mzee anayesimulia juu ya babu aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita hivyo, nenda ukamuulize babu huyo aliitwa nani, mwana wa nani, wa kijiji gani. Liandike jina lote. Usingoje mwaka ujao.