Motokaa za Kale na Hazina Isiyoshika Kutu

Somo: Luka 12:13–21



Katika somo letu mtu mmoja alimwendea Bwana Yesu na neno moja tu moyoni: amwambie ndugu yake agawane naye urithi. Bwana hakukubali kuwa mgawanyaji. Alionya juu ya choyo, kisha akasimulia habari za tajiri aliyetaka kujenga ghala kubwa zaidi, naye akatakwa roho yake usiku uleule. Somo hili tumelisoma mara nyingi, darasani na kanisani. Lakini tulilielewa vizuri zaidi siku tulipoketi chini ya mwembe, mbele ya motokaa iliyooza, pamoja na ndugu wawili wasiosalimiana.

Hao si wa parishi yetu, na majina yao hatutayataja. Wote wawili tuliwafundisha kusoma. Baba yao aliacha shamba, nyumba, na Peugeot 404 iliyokuwa imesimama miaka mingi. Shamba waligawana kwa amani. Nyumba walimwachia mama yao. Motokaa hakuna aliyeikumbuka. Kuku walitaga ndani yake.

Ndipo akapita mgeni kutoka Nairobi, akasema motokaa za namna ile sasa zatafutwa, maana Peugeot 404 ilishinda mbio za Safari mwaka 1963, na tena 1966, 1967 na 1968, na tangu mwaka 2003 ziko mbio za Safari za motokaa za zamani. Yule mgeni hakutaja bei. Bei waliitaja ndugu wenyewe, kila mtu yake moyoni, na kila usiku iliongezeka. Mkubwa akatia kufuli. Mdogo akaondoa magurudumu. Wakabishana miaka miwili, na masika mbili zikanyesha juu ya ile motokaa. Mnunuzi alipokuja, alisukuma bisibisi sakafuni ikatokea upande wa pili, naye akaenda zake.

Tusidhani kwamba jambo hili huwapata watu wadogo tu. Huko Ufaransa aliishi mfanyabiashara wa uchukuzi, jina lake Roger Baillon. Tangu miaka ya 1950 alikusanya motokaa za kale, akikusudia kujenga nyumba ya makumbusho. Miaka ya 1970 biashara ikaharibika. Nyingine akaziuza, na zilizobaki zikaachwa katika mabanda. Makumbusho hayakujengwa. Yeye akafa, na mwanawe akafa. Mwaka 2015 motokaa 59 ziliuzwa kwa mnada mjini Paris. Ferrari moja ya mwaka 1961, iliyokutwa imefunikwa na marundo ya magazeti, ilipata zaidi ya euro milioni 16. Lakini nyingi za wenzake zilikuwa mifupa ya kutu. Na huyo aliyezikusanya hakuona hata senti moja ya bei ile. Je, hili si ghala la Luka 12, lililoezekwa kwa mabati?

Basi tujiulize: thamani ya chuma hutoka wapi? Haitoki katika umri peke yake. Ford Model T ilitengenezwa tangu mwaka 1908 hata 1927, zaidi ya milioni 15. Ni ya kale kuliko Ferrari 250 GTO, iliyotengenezwa kati ya 1962 na 1964. Lakini hizi za Ferrari zilikuwa 36 tu, na mwaka 2018 moja iliuzwa Marekani kwa zaidi ya dola milioni 48. Bei hutokana na uchache, na zaidi sana hutokana na tamaa ya watu.

Na tamaa hubadilika pamoja na kizazi. Mtu akishapata fedha, huitafuta motokaa aliyoitamani alipokuwa kijana. Waliozitamani zile za kabla ya Vita Kuu ya Pili wengi wamekwisha kulala, na zile za kawaida za wakati huo zimepungukiwa na wanunuzi. Walio vijana zaidi wanatafuta za Kijapani za miaka ya 1990, kama Toyota Supra na Nissan Skyline. Enzo Ferrari alipofariki mwaka 1988, bei za motokaa zake zilipanda kama moto wa nyika. Baada ya 1990 zikaanguka vibaya, na waliokopa wakabaki na deni. Sasa Uingereza imekusudia kukomesha uuzaji wa motokaa mpya za petroli tupu mwaka 2030. Watoto watakaokua katika motokaa za umeme, je, watatamani kelele za injini ya babu yao? Labda watatamani, labda hawatatamani. Hakuna awezaye kuapa.

Tuna mafunzo mawili ya kushika.

Kwanza, tusiweke mioyo yetu juu ya bei ambayo hupandishwa na kushushwa na watu tusiowajua. Bwana wetu alitaja kutu kwa jina lake (Mathayo 6:19–21), naye alijua alichosema. Si dhambi kupenda motokaa nzuri na kuitunza. Kazi ya fundi mwema yampa Mungu utukufu. Dhambi ni kumpoteza ndugu kwa ajili yake.

Pili, mali iliyofungwa huoza, lakini iliyotolewa huzaa. Mwaka 2022 kiwanda cha Mercedes-Benz kiliuza motokaa yake moja ya mwaka 1955, katika mbili tu zilizotengenezwa za namna ile, kwa euro milioni 135. Fedha hizo zikawekwa kuwalipia vijana masomo. Sisi hatuna milioni. Lakini baiskeli isiyotumika, cherehani iliyofunikwa, vitabu vilivyofungiwa sandukuni, je, hakuna jirani ambaye vingemfaa leo?

Turudi chini ya mwembe. Wale ndugu walipokuwa wakibishana, mama yao alituletea chai. Tukamwuliza, “Mama, na wewe ungependa nini?” Katika miaka miwili hakuna aliyemwuliza. Akatazama ile motokaa, akasema kwamba siku za Krismasi baba yao aliwapakia wote wawili kiti cha nyuma kwenda kanisani, nao wakiimba njia nzima. Alichotaka yeye ni kuwaona tena wameketi pamoja.

Motokaa iliuzwa kwa kilo, kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Fedha hazikutosha hata ugomvi wa siku moja. Mama yungali hai, na kiti chake bado kiko mlangoni. Wanawe humtembelea, kila mmoja siku yake.

Ndugu mpendwa, kama nyumbani kwako kuna kitu kama hicho, shamba au motokaa au ng'ombe, kinachokuzuia kumsalimu ndugu yako, usingoje masika nyingine. Kabla hujaikaribia Meza ya Bwana, nenda kwanza ukapatane naye (Mathayo 5:23–24).

Na tuombe: Ee Bwana, utufundishe kuhesabu mali yetu kama uihesabuvyo wewe, na kuwapenda watu wetu wangali nasi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.