Mwenye Kadi na Mwenye Spana

Ndugu msomaji, hebu nikuulize swali kabla hatujafika mbali. Kitu kikiwa chako kwenye karatasi, lakini kwa miaka mingi mtu mwingine ndiye anayekipangusa vumbi, anayekinunulia spea na kukesha nacho kinapougua, kitu hicho ni cha nani? Usiharakishe kujibu. Mimi niliharakisha, nikaja kuumbuka.

Kwetu ni Mishamo, kaskazini mwa Mpanda. Hapo nina pikipiki aina ya Honda XL 125. Kwa sasa niseme "nina". Mbele tutaona kama neno hilo linanistahili. Washikaji zangu wa kijiweni wanaendesha Boxer na TVS mpya mpya, na wakiiona hiyo yangu wanasema nimepanda mkweche wa makumbusho. Nawaachia wacheke. Kila Jumapili baada ya ibada natandika gunia chini ya mwembe, nafungua plagi na kuitazama. Ikiwa na rangi ya kahawia najua mchanganyiko uko sawa. Ikiwa nyeusi tii, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi na injini inaungua kimya kimya. Sponji ya chujio la hewa naifua kwa sabuni, naianika kivulini, naipaka oili kidogo, maana vumbi letu la kiangazi si la mchezo. Likipenya humo linasaga ringi na silinda kama msasa. Kisha napima ulegevu wa cheni kwa vidole. Nikimaliza ndipo napiga kiki, na ikiitika kwa mara ya kwanza, we acha tu! Siku yangu imekwisha kuwa njema.

Pikipiki hiyo ilikuwa ya baba mkubwa, kaka yake baba yangu. Ili uelewe ilivyofika mikononi mwangu, lazima nikurudishe nyuma kidogo.

Wazee wetu walikimbia Burundi mwaka 1972, wakati wa mauaji. Mishamo ilianzishwa mwaka 1978 kuwa makazi ya wakimbizi hao, vijiji 16 ndani ya pori la miombo. Wakafyeka, wakalima mahindi, maharage na tumbaku, wakajenga shule na makanisa. Lakini kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali. Baba mkubwa, aliyeinunua Honda ile ikiwa tayari imetumika, alikuwa akisema kwa utani kwamba pikipiki yake ina kadi inayoiruhusu kwenda popote Tanzania, ila mwenye pikipiki ndiye asiye na ruhusa ya kwenda popote.

Ukaja wakati wa kuchagua. Kati ya mwaka 2008 na 2009 watu zaidi ya 50,000 kutoka makazi ya zamani walirejea Burundi. Waliobaki waliomba uraia, na mwaka 2010 serikali ikawakubalia zaidi ya watu 160,000. Vyeti vilianza kugawiwa mwaka 2014. Baba yangu alibaki. Baba mkubwa alirudi mwaka 2009, mimi nikiwa na miaka 9. Pikipiki ilikuwa imekufa injini, hakuweza kuibeba. Alimkabidhi baba akamwambia neno moja tu: "Itunze." Kadi akaondoka nayo.

Kwa miaka 10 ilisimama kibandani, kuku wakitaga juu ya siti. Nilipomaliza kidato cha nne na matokeo yakawa ya kuniambia nikalime, nikaanza kuifufua. Kwanza kabureta, ikiwa imejaa ukoko wa petroli iliyooza. Halafu silinda, niliipeleka Mpanda ikachongwa, nikaweka pistoni ya saizi kubwa zaidi. Mwaka uliofuata cheni na sproketi zake, klachi, nyaya zote, tairi, spoki. Tangi lilikuwa limetoboka kwa kutu, nikapata jingine. Eksozi ikatoka kwenye pikipiki ya Kichina, ikafungwa kwa kulazimisha. Kila shilingi niliiandika kwenye daftari, kwa sababu wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na kila kifaa cha zamani baba alikitia kwenye gunia. "Si vyetu hivi," alikuwa akisema. Baba alifariki mwaka 2021, gunia likabaki nyuma ya mlango.

Wagiriki wa kale walikuwa na kisa kinachofanana na hiki. Plutarch anasimulia kwamba watu wa Athens waliihifadhi merikebu ya shujaa wao Theseus, wakiondoa ubao uliooza na kuweka mpya, mpaka wasomi wakaanza kubishana kama ni merikebu ile ile. Mwaka 1655 Mwingereza Thomas Hobbes akaongeza chumvi: je, mtu akiziokota mbao zote za zamani na kuunda merikebu nyingine, ipi ndiyo ya Theseus? Niliposoma hayo nilicheka peke yangu. Hobbes hajapata kufika Mishamo, lakini gunia la baba alilijua!

Basi mimi nikajijengea hoja. Pikipiki ya baba mkubwa ni ile iliyomo guniani. Hii inayonguruma ni yangu. Kilichobaki cha kwake ni fremu tu, yenye namba iliyogongwa kwenye shingo ya usukani. Nikamwita shahidi mwingine, John Locke, aliyeandika mwaka 1689 kwamba mtu akichanganya kazi ya mikono yake na kitu, kitu hicho kinakuwa chake. Na mbona sisi wenyewe tu ushahidi? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wazee wetu walipewa jembe, wakalitumia zaidi ya miaka 30, ndipo wakawa raia. Nilikua nikiamini kwamba jasho ndiyo karatasi ya kwanza, ile ya ofisini inafuata tu.

Mwaka jana dada alikuja. Ni binti wa baba mkubwa, ameniacha miaka mitano hivi. Alipita Manyovu, akaja kwa njia ya Uvinza, akafika kwetu jioni na mkoba mmoja. Baba mkubwa naye alikuwa amekwisha kufariki. Tulilia kwanza, tukala, na asubuhi akaisikia pikipiki nikiiwasha. Akatoka nje haraka, kisha akasimama.

"Huo si mlio wa pikipiki ya baba," akasema.

"Nilikuwa nakwambia nini, dada? Hii si ile," nikamjibu, moyo ukifurahi kwamba kazi imekuwa rahisi. Nikamtolea gunia, nikamweleza habari za merikebu, nikamweleza na Locke. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Halafu akafungua mkoba akatoa kadi, imefungwa kwenye nailoni, imekunjika lakini inasomeka. Akainama kwenye shingo ya usukani, akafuta grisi kwa kidole, akasoma namba moja moja.

"Mdogo wangu," akasema, "unajua baba alikuta nini Rumonge?"

Sikujua.

"Alikuta shamba la babu, lile walilolikimbia mwaka 1972, lina michikichi ya watu wengine. Wamelima hapo miaka 37. Wamezaa hapo, wamezikana hapo. Wakamwambia: mzee, tuonyeshe mti mmoja ulioupanda wewe. Sisi ndio tumelitunza. Maneno yako haya haya, neno kwa neno."

Ndugu msomaji, nilishika spana nikawa sina pa kuiweka. Hoja niliyoiona ngao yetu huku Tanzania ndiyo iliyomchoma baba yangu mkubwa kule kwao. Mashauri kama hayo yalikuwa mengi Burundi hata ikaundwa tume ya ardhi mwaka 2006. Kwa upande wa baba mkubwa, mwishowe waligawana shamba. Alikufa akiamini amedhulumiwa nusu. Wale wengine nao, alisema dada, wanaamini hivyo hivyo mpaka leo.

Nikaona nimebakiwa na kinga moja, daftari langu. Nikamletea. Akalipitia ukurasa kwa ukurasa, akijumlisha kwa kalamu, akanisifu kwa mwandiko. Alipofika mwisho akaligeuza nyuma, kama mtu anayetafuta kitu.

"Na ukurasa wa mapato uko wapi?"

Hapakuwa na ukurasa huo. Miaka minne nimebeba abiria kwa pikipiki ile, nimebeba magunia ya mahindi, nimewafikisha wajawazito zahanati, na nauli nimekula. Niliandika kila nilichoipa. Sikuandika hata senti moja niliyopewa nayo. Na sikufanya hila, Mungu anajua. Haikunijia tu akilini. Mtunzaji hukumbuka gharama zake zote, lakini faida huiona kama hewa, imepita puani basi.

Usiku ule nilirudi kwa Locke nikiwa na haya kidogo. Hoja yake ilihusu kitu kisicho na mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeichukua nusu iliyonifaa, nusu nyingine nikairuka. Pikipiki ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alisema "itunze", hakusema "chukua". Nikawafikiria na wazee wetu upya. Ni kweli walitunza pori lile miaka 30 na zaidi. Lakini ardhi walionyeshwa na wenyeji wao, na uraia hawakujipa. Waliomba, wakajaza fomu, wakangoja, wakapewa. Jasho lao ndilo lililofanya ombi lao liwe zito, hata ingekuwa aibu kulikataa. Halikuwafanya waache kuomba.

Hapo ndipo niliposimama, na ndipo nilipo hadi sasa. Matunzo yanakupa haki ya kuomba, na haki ya kusikilizwa unapoomba. Hayakupi haki ya kuchukua kimya kimya. Na mwenye kadi naye asijidanganye. Karatasi inamwonyesha mwenye mali, haimwonyeshi aliyeizuia isiwe kutu. Angekuja kuichukua tu na kuondoka nayo, angekuwa amebeba kitu chake pamoja na miaka yangu mitatu ya ujana, ambayo haimo kwenye kadi. Kila mmoja wetu alikuwa anadaiwa, ila kila mmoja alikuwa amekuja na daftari la upande mmoja.

Basi asubuhi niliomba. Nilisema, "Dada, naomba uniuzie pikipiki ya baba mkubwa." Ni sentensi fupi, lakini nakwambia ilikuwa nzito kuliko kuinua ile injini peke yangu. Tukakaa chini ya mwembe na mwenyekiti wa kitongoji akiwa shahidi. Tukakadiria thamani ya mkweche ulioachwa mwaka 2009, tukaweka spea upande huu na nauli upande ule, tukabishana, tukakubaliana kiasi nitakacholipa kidogo kidogo. Kubadilisha jina la marehemu kwenye kadi si kazi ya siku moja. Lazima mirathi ipite mahakamani kwanza, ndipo TRA. Kwa hiyo kadi amebaki nayo mpaka nimalize deni. Sikuona vibaya.

Nawaandikia ninyi wenzangu mnaoota kuandika riwaya kama mimi, kwa sababu naona jambo hili linatuhusu mara mbili. Hadithi nyingi tunazozifufua tulizikuta kibandani kwa bibi na babu zetu. Tunabadilisha pistoni, tunaweka eksozi mpya, kisha tunagonga jina letu juu ya jalada. Hata kisa hiki nilimwomba dada ruhusa kabla ya kukiandika.

Alipoondoka nilimpeleka kwa pikipiki hiyo hiyo mpaka barabara kuu kupanda basi. Gunia hakulitaka, lakini aliingiza mkono akatoa ufunguo wa zamani, usiofungua chochote tena, akautia kwenye mkoba pamoja na kadi. Mimi nilirudi nyumbani nikafungua daftari, nikapiga mstari katikati ya ukurasa, nikaandika upande wa kulia nauli ya abiria niliyempata njiani.

Je, wewe mwenzangu, una kitu gani nyumbani ambacho umekiandikia gharama tu?