Saratani ya ngozi: Tusiisingizie kadari

Mtoto mwenye ualbino akipata saratani ya ngozi, tumezoea kuinamisha vichwa na kusema: "Ni kadari ya Allah." Kauli hiyo ni ya imani. Lakini je, inatuondolea dhima?

Ualbino ni wa kurithi. Mtoto hupokea jeni yenye hitilafu kwa baba na kwa mama pia, akazaliwa akiwa na upungufu wa melanini, ile rangi inayoikinga ngozi na jua. Hilo hakuna aliyelichagua.

Saratani ni habari nyingine. Miale ya jua isiyoonekana huharibu vinasaba ndani ya seli za ngozi. Seli hujirekebisha, lakini si kila mara. Mwili una mlinzi, jeni iitwayo TP53, ambaye huizuia seli iliyoharibika isizaliane au huiamuru ife. Jua likimharibu na mlinzi huyo, seli mbovu huongezeka kimya kimya. Hutokea magamba, kisha kidonda kisichopona. Hayo huchukua miaka. Kidonda tunachokililia leo kilianza siku ambayo hatukuona kitu.

Hapo ndipo sisi wa Mbeya na Iringa tunapodanganyika. Kwa kuwa kuna baridi, tunadhani jua letu ni la huruma. Kumbe Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda miale hiyo huzidi ukali. Mtoto hasikii joto, lakini anaungua.

Itazame kofia ya madrasa. Ni vazi la heshima, lakini haina ukingo. Masikio, pua, midomo na shingo vinabaki wazi, na huko ndiko saratani hii huanzia mara nyingi. Siku ya Maulidi tunampanga mtoto huyo uwanjani na wenzake, hakuna anayeuliza kivuli kiko wapi.

Waislamu tujiulize. Mwili ni amana. Mtume (s.a.w.) alimfundisha Bedui amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Allah. Nasi tunajua fardhi kifaya: wakiitekeleza baadhi, wengine wamesalimika, ikiachwa na wote, wote wana dhambi. Kofia pana ya kuvaa njiani, darasa chini ya paa, sadaka ya msikiti kununulia mafuta ya kukinga jua, na kumpeleka mtoto hospitali mapema doa linapokataa kupona: je, katika haya lipi limetushinda?

Kusema kadari kabla ya kutimiza wajibu ni uzembe uliovishwa kanzu.

Wallahu a'lam.