Umoja wa Maudhui katika Qur'ani

Qur'ani ina mipangilio mitatu isiyofanana. Upo wa kuteremka: aya zilishuka kidogo kidogo kwa miaka 23 hivi, na kwa kauli mashuhuri, za mwanzo ni 5 za Sura Al-Alaq. Upo wa msahafu, ambamo sura hiyo ni ya 96 kati ya 114. Na upo wa chuoni: mtoto wa pwani ya Afrika Mashariki huanza na Juzuu Amma, akatoka Sura An-Nas kurudi nyuma kuelekea sura ndefu. Ikiwa kitabu huingiwa kwa milango hii yote, umoja wake uko wapi?

Hauko katika mfuatano wa wakati. Kisa cha Musa kimegawanywa katika sura nyingi, na kila kinaporejea hutumikia hoja ya sura husika. Umoja huo ni wa mnasaba, yaani uhusiano wa sehemu na sehemu. Al-Fatiha inaomba uongofu. Al-Baqara inafunguka kwa kukitaja kitabu kilicho uongofu. Dua imepata jibu, ingawa sura ya pili iliteremka baadaye, Madina.

Mfano ulio wazi zaidi ni Sura Yusuf, yenye aya 111. Kwanza mafundo hufungwa: ndoto (aya ya 4), hila ya ndugu, kisha vishawishi vya wanawake. Halafu hufunguliwa kinyumenyume: wanawake wanakiri (51), ndugu wanakiri (91), ndoto inatimia (100). Kanzu nayo inatokea mara tatu: yenye damu ya uongo, iliyochanwa kwa nyuma, na inayomrudishia Yaakub macho. Kila tukio linabeba maudhui yaleyale: Mwenyezi Mungu ni mshindi katika jambo Lake.

Al-Biqa'i, aliyefariki mwaka 1480, alijenga tafsiri nzima juu ya mnasaba. Al-Shawkani wa Yemen alipinga: aya zilizoshuka kwa sababu na nyakati mbalimbali zisilazimishwe kuungana. Onyo hilo ni la haki kwa mnasaba wa kubuni. Lakini wakati wa kuteremka ni jambo moja, na mahali pa aya katika sura ni jambo jingine. La kwanza halibatilishi la pili.

Kipimo ni maandishi yenyewe. Msomaji mwenye Qurani Takatifu ya Sheikh Abdullah Saleh Al-Farsy, iliyotolewa Nairobi mwaka 1969, na aisome Sura Yusuf yote kwa kikao kimoja kabla ya kuhukumu aya yake yoyote.